Déborah Nduwimana, Aliyepima Jani la Mama Yake
(14 Machi 1981 – 9 Novemba 2024)

Tangu Jumapili asubuhi, kwenye bomba la maji la mtaa wa Kilibula, neno linapita kutoka ndoo hadi ndoo. Jirani mmoja, ambaye jina lake tunamwachia mwenyewe, alilisema hivi: "Déborah hakukufa na ugonjwa. Mama yake ndiye alimumaliza. Alimulaani mbele ya batu, halafu akamunywesha." Kufikia jioni vijana wasiomjua hata marehemu walikuwa wanauliza parseli ya mama yake, uwanja anamoishi, ni ipi. Hapa kwenye kilio, viti vilivyo karibu na Mama Marie-Rose vimebaki vitupu kwa siku mbili, na kuna waliotoa shauri kwamba asikaribie kaburi la binti yake.

Kwa hiyo Noella, mke wa Bertrand, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeandika maneno haya na ndiye anayeyasoma. Anawaomba mvumilie, maana maisha ya Déborah ni marefu kuliko lile neno la bombani, na ni lazima yasemwe yote ndipo muamue nani akae wapi.

Marehemu Déborah Nduwimana alizaliwa Sange, katika uwanda wa Ruzizi, tarehe 14 Machi 1981. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Dieudonné Habonimana, mkulima wa mpunga na mihogo, na Mama Marie-Rose Itangishaka. Alibatizwa palepale Sange kabla hajafikisha mwezi. Mama yake husimulia kwamba alikuwa mtoto wa kuuliza mpaka mtu achoke. Siku moja baba yake alimtuma aweke samadi kwenye mistari yote ya maharage. Aliporudi akakuta mstari mmoja umeachwa mkavu. Mzee alishika fimbo. Binti akamwambia, "Baba, ukiweka kila mahali utajuaje kama ni samadi imesaidia ao ni mvua tu?" Mzee alimpiga hivyohivyo, maana samadi ilikuwa ya kuomba kwa wafugaji. Lakini maharage yalipokomaa, kila mgeni aliyepita alipelekwa shambani kuonyeshwa ule mstari mfupi, na mzee alikuwa anasema kwa majivuno, "Ni huyu wangu alifanya."

Masomo ya msingi aliyafanya Sange. Mwaka 1996, alipokuwa katika sekondari, vita viliwavusha mto Ruzizi, na jamaa yote ikaishi upande wa Burundi kwenye mahema. Waliporudi alikuta rafiki zake wengi wameolewa, naye akakaa tena darasani na watoto wadogo kuliko yeye. Hakuona haya. Alipata diplome yake ya sekondari, ya biochimie, yaani biolojia na kemia, mwaka 2001, na mwaka 2005 akamaliza masomo ya juu ya labo, ya kupima magonjwa maabarani, hapa Uvira. Siku hiyo mama yake alicheza mpaka kiatu kikakatika, akaendelea na mguu mmoja mtupu.

Alianza kazi mwaka 2006 katika kituo kimoja cha afya, akitazama damu na choo kwenye mikroskopi. Ndiko alikokutana na mume wake. Basile, aliyekuwa akipokea mizigo ya maboti bandarini Kalundu, alifika na tumbo linalomsokota, akaombwa alete choo kidogo cha kupima. Akarudi na kopo la maziwa limejaa hadi juu. Déborah alilitazama lile kopo, akamtazama mwenye kopo, akasema kwa heshima zote, "Kaka, tulikuomba kidogo. Weye umetuletea ya wiki muzima?" Basile mwenyewe anapenda kusimulia kwamba aliondoka pale akiwa ameapa hatakanyaga tena kituo kile, na kesho yake akarudi akiwa hana ugonjwa wowote. Walifunga ndoa ya kanisa tarehe 6 Septemba 2008. Mungu aliwapa watoto wawili, Luc na Délice. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya kucheka, na watu wa Kalundu walizoea kusema kwamba mume anapima magunia na mke anapima vitu visivyoonekana, sijui nani kati yao anarudi nyumbani amechoka zaidi.

Mwaka 2014 aliingia katika labo ndogo ya utafiti, na kazi yake ikawa ile aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomlaza. Wengi mlikuwa mnajua tu kwamba "anafuga magonjwa". Noella, ambaye masomo yake yaliishia darasa la sita, aliwahi kumuuliza ni kazi gani hiyo, na Déborah akamweleza huku wakichambua mboga. Watu huleta dawa, za majani na za viwandani, ambazo bado hakuna anayejua kama zina nguvu. Yeye huchukua vijidudu vya ugonjwa, huvipaka kwenye visahani vyenye chakula kama uji ulioganda, huweka katikati kijikaratasi kilicholowa dawa, kisha hufunga na kusubiri. Kesho yake vijidudu huwa vimeota na kufunika sahani. Dawa ikiwa na nguvu, pembeni ya kijikaratasi panabaki duara tupu. Yeye hulipima kwa rula. Duara pana, vijidudu vimepungua sana. Hakuna duara, dawa haikufanya kitu.

"Lakini sahani moja haisemi kitu," alimwambia. "Ni lazima iko nyingine pembeni, isiyowekwa dawa. Unaiuliza ile: bila dawa, ingekuwa namna gani?"

Sasa tufike kwa lile jani.

Mama Marie-Rose, tangu Sange, anajua jani moja ambalo jina lake hajamwambia mtu. Alilirithi kwa nyanya yake. Hulitwanga, huliloweka katika kanyanga, pombe kali ya kienyeji, na kumpa kikombe kidogo mwenye kuumwa tumbo. Baada ya mzee Dieudonné kufariki mwaka 2011, mama alihamia Kilibula kwa mwanawe Bertrand, na jani likaja naye. Mwaka 2019 Déborah aliomba chupa moja aipeleke labo. Aliandika juu ya sahani: Jani la Mama. Aliweka pembeni sahani ya maji kama kawaida, maana dawa zote za majani zilizofika pale zilikuwa zimechemshwa katika maji. Kesho yake ile sahani ya maji ilikuwa imejaa vijidudu vya kipindupindu, na ile ya mama ilikuwa na duara tupu kama kizibo cha chupa.

Siku ile hakungoja hata kuvua koti la labo. Alikuja nalo mpaka Kilibula juu ya pikipiki, akamkumbatia mama yake kati ya masufuria. "Mama! Jani lako linaua kolera! Nimelipima!" Mama alikaa chini kwenye kinu, akaanza kulia. Alisema, "Nyanya yangu alichekwa na bale ba kituo cha afya mpaka kufa kwake. Na leo mutoto wangu mwenyewe ndiye amemupa haki." Kuanzia jioni hiyo Kilibula nzima ilijua.

Mwaka uliofuata, Aprili, mito ilishuka kutoka milimani na kubomoa nyumba, na baada ya maji machafu kipindupindu kikafuata kama kawaida yake. Watu hawakukimbilia mahema ya matibabu. Walikuja kwa mama na chupa zao. Naye hakumfukuza mtu, hakumdai mtu. Barabara zilikuwa zimekatika, kanyanga ikakosekana, na mama akaanza kuloweka jani katika maji yaliyochemshwa. Mjukuu wake mwenyewe, Michée, mtoto wa Noella, alikuwa bado hajaacha ziwa. Aliamka akihara maji matupu. Alinyweshwa dawa ya nyanya yake asubuhi, akanyweshwa tena. Jua lilipokuwa kichwani macho yake yalikuwa yameingia ndani na hakuwa na machozi ya kulilia. Déborah alifika kusalimia tu. Alimtazama mtoto, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole, ngozi ikabaki imesimama. Alimfunga mgongoni kwake, akapanda pikipiki na kwenda naye kwenye hema. Michée aliwekewa maji ya mshipa, akapona. Mwaka huu yuko la kwanza, na pale mbele ndiye yule anayechezea kamba ya kiatu.

Kutoka kwenye hema Déborah alikwenda moja kwa moja labo na chupa mbili: ile ya maji aliyonyweshwa Michée, na mabaki ya zamani yenye kanyanga. Safari hii aliweka sahani nyingine ambayo hakuwa ameifikiria mwaka uliopita. Aliweka kanyanga peke yake, bila jani. Kesho yake aliona. Jani katika maji halikuacha duara lolote. Jani katika kanyanga liliacha duara. Na kanyanga peke yake iliacha duara lilelile, upana uleule. Jani halikuwa limeongeza kitu. Ni pombe iliyokuwa inaua, na furaha yake ndiyo ilimsahaulisha kuliuliza jani la mama swali ambalo huuliza dawa zote.

Basile anasema mkewe hakula siku hiyo. Alikuwa anarudia jambo moja: "Nikinyamaza, batoto bataendelea kufa kwa mlango wa mama."

Alikwenda. Parseli ilikuwa imejaa watu wenye chupa. Alimsalimia mama yake, akaokota kijiti, akachora maduara matatu kwenye udongo, moja kwa kila sahani, akawaeleza kila moja. Kisha akasema, "Basi hiyo dawa haizuie kolera. Muende kwa mahema. Hata njiani, munywe maji ya chumvi na sukari."

Mwanaume mmoja akapaza sauti, "Kama ni kanyanga ndiyo inaua, basi tukunywe kanyanga peke yake, mambo ishe!" Parseli nzima ikacheka.

Déborah alijaribu kusema kwamba tumbo si sahani, na kwamba kanyanga ikishafika ndani haina nguvu ile tena. Alisema pia neno jingine, na Noella aliyekuwa amesimama mlangoni alilisikia vizuri, lakini kicheko kililifunika. Alisema, "Kosa si la mama. Yeye hakuniambia kwamba inaua vijidudu. Ni minye nilimwambia yeye."

Mama Marie-Rose hakusikia hilo. Alisikia kicheko. Alisimama, akamwaga chungu chake chote mbele ya watu, akasema, "Weye mutoto, umenipima minye kama mugeni. Iko siku na weye utatafuta dawa, na utaikosa."

Hiyo ndiyo laana inayosemwa bombani. Ilitoka mdomoni mwa mwanamke aliyechekwa katika uwanja wake mwenyewe. Ni mama gani hapa hajamwambia mwanawe neno baya zaidi ya hilo kwa sababu ya sahani iliyovunjika?

Walikaa miaka minne bila kula pamoja. Lakini msidhani kati yao palikuwa pamekufa. Kila Jumamosi Déborah alimpa Noella samaki aina ya mikeke wa kumpelekea mama, na kumkataza asimtaje. Mama anauliza, "Hii mikeke imetoka wapi?" Noella anajibu, "Sokoni, mama." Naye mama anageuza samaki mmoja mmoja, anatabasamu kwa upande: "Soko ya siku hizi inajua vizuri namna ninapenda zangu." Na hakuna Jumamosi hata moja alipokataa kula.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa mwaka 2023, kwa uchovu na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Mwezi Februari 2024 Basile alimpeleka Bujumbura. Waganga wa hospitali wakakuta saratani ya ini, tayari kubwa, ikitokana na homa ya ini ambayo walisema ilikuwa ndani yake miaka mingi. Shikeni mwezi huo: Februari. Mama yake alikuwa hajakanyaga nyumba ya Kalundu tangu 2020. Waganga walimpa dawa ya kujaribu. Déborah aliikubali, na kila alipopimwa damu aliomba aone mwenyewe karatasi za mwanzo na za sasa, aziweke pamoja. Mwezi Juni alizitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akamrudishia mganga, akasema, "Asante. Haikupunguza." Kisha ndiye aliyemfariji mganga, maana alikuwa kijana.

Mama alikuja mwezi Julai. Alikuwa ameambiwa na Noella, safari hii bila kuficha. Alisimama mlangoni ameshika kikombe kilichofunikwa na kitambaa, na hakuingia mpaka aliposikia sauti kutoka kwenye mkeka.

"Mama, hiyo iko na kanyanga?"

"Hapana. Iko maji."

"Unajua haitafanya kitu."

"Ninajua," mama akasema. "Ulisha kunifundisha mbele ya batu. Lakini sina kitu kingine mikononi."

"Basi lete. Koo imenikauka."

Alikunywa, akakunja uso, akasema bado ni chungu kama zamani, na mama yake akakaa kwenye mkeka na kuweka miguu ya binti yake juu ya mapaja yake. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi na kikombe chake, akitembea wazi mbele ya macho ya kila mtu, na ndicho kikombe ambacho jirani alikihesabia sumu. Maana neno la sumu lilianza kunong'onwa hata kabla ya kifo, na Déborah mwenyewe alizipata habari hizo akiwa hai. Délice alizileta kutoka shule, akilia. Mgonjwa alicheka mpaka akashika ubavu. "Ile jani? Imeshindwa kuua hata kijidudu kwa sahani, ndiyo itaweza kuua mutu mukubwa kama minye? Minye ndiye nililipima!" Alipomaliza kucheka alimwambia Basile, "Hii maneno iko mubaya. Kesho batamupiga mama mawe."

Déborah Nduwimana alifariki nyumbani kwake Kalundu, Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa nne ya asubuhi. Basile alikuwa ameshika mkono mmoja na mama yake mkono wa pili. Asubuhi hiyo hakunywa kitu chochote, hata maji. Wote waliokuwapo wanajua.

Anamwacha mama yake mzazi, Marie-Rose Itangishaka, ambaye jina lake linatangulia hapa kwa sababu ndiye aliyemleta duniani. Anamwacha mume wake Basile. Watoto wake Luc na Délice. Mdogo wake Agnès, aliyeolewa Luvungi. Mdogo wake Bertrand na mke wake Noella. Michée, ambaye alimbeba mgongoni. Wenzake wa labo. Na majirani wa Kalundu na Kilibula, wote, pamoja na yule aliyesema. Mungu aliyempa macho ya kuangalia vitu vidogo amfungulie sasa mahali pa raha, alale bila maumivu.

Limebaki jambo moja. Mwezi wa kumi, siku ya jua, Noella alikuwa anamsuka marehemu nywele barazani, zile chache zilizobaki. Déborah akasema bila kugeuka, "Siku yangu, weye ndiye utasoma."

Noella akaacha kusuka. "Minye? Nilifika la sita tu. Bertrand iko."

"Bertrand atasoma Kifaransa, batu balale. Weye batakusikia. Ni mutoto wako alikunywa ile dawa, na bado unaishi na mama nyumba moja, unakula mkononi mwake kila siku. Useme nilikunywa kikombe chake kwa kupenda kwangu, na useme ilikuwa maji. Useme na lile neno lilifunikwa na kicheko: kosa lilikuwa langu." Alivuta pumzi. "Na ukimaliza, usirudi kukaa. Nenda pale batakuwa bamemuweka mama, umushike mukono, mutembee wote wawili mpaka kwa shimo. Yeye ndiye atupe udongo wa kwanza. Batu bakikuangalia mubaya, Noella, bakiangalia mubaya namna gani, tafazali, usimuachilie."